Shajara ya mradi: cheti cha kijani kwa bweni la vitanda 48, Tanga

Mradi ni bweni la wanafunzi la ghorofa moja, upande wa Raskazone jijini Tanga. Vyumba ni 16, kila kimoja na vitanda vitatu, mita 4.5 kwa 3.6, dari mita 3.0. Vimepangwa mstari mmoja, vinane chini na vinane juu, na varanda ya mita 1.8 upande wa kusini. Bafu, vyoo na ngazi viko mwisho wa magharibi. Hakuna kiyoyozi hata kimoja. Baridi itatoka kwa upepo na pangaboi. Mwenye jengo anataka cheti cha kijani ambacho wakopeshaji wanakitambua, na anataka pia LUKU, umeme wa kulipia kabla, isimalizike haraka. Ni rahisi kudhani kwamba ukipata la kwanza umepata na la pili. Sivyo, na sehemu kubwa ya kazi iliyoandikwa hapa ni kuziba pengo hilo.

Januari: kuchagua cheti

Tumeanza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo kwenye vikao huwa vinachanganywa. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinachotolewa kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Maana yake ni kwamba mradi umeruhusiwa, pamoja na masharti yake. Cheti cha kijani ni cha hiari. Chenyewe kinaeleza jengo limelizidi jengo la kawaida kwa kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu pointi, tumekiuliza kila cheti: hilo "jengo la kawaida" lako ni lipi?

BREEAM ya Uingereza ndiyo kongwe, ilianza 1990. Inatoa asilimia: 30 ni kupita, 55 ni vizuri sana, 70 ni bora, 85 na kuendelea ni ya kipekee. Inataka mtathmini mwenye leseni awepo tangu michoro ya awali, kwa sababu baadhi ya pointi hupotea moja kwa moja ikiwa mikutano na maamuzi fulani hayakuandikwa katika hatua hiyo. Michoro yetu ilikuwa imeshavuka hapo, tukaiacha.

Green Star ilizaliwa Australia mwaka 2003 na ikapokelewa Afrika Kusini na baraza la majengo ya kijani la huko, lililoundwa 2007. Kwenye toleo la Afrika Kusini tulilolisoma makundi ni tisa, kuanzia usimamizi na ubora wa hewa ya ndani hadi matumizi ya ardhi na ubunifu. Nyota 4 huanzia pointi 45, nyota 5 pointi 60, nyota 6 pointi 75. Ni mfumo mzuri kwa ofisi kubwa yenye timu kamili ya washauri. Kwa bweni la vyumba 16, gharama ya makaratasi ingekula fedha ya madirisha.

LEED ya Marekani tuliichambua kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ndiyo ambayo mwenye jengo alikuwa ameisikia. Jumla ni pointi 110: 40 hadi 49 ni cheti cha kawaida, 50 fedha, 60 dhahabu, 80 platini. Kabla ya pointi kuna masharti ya lazima, na ukikosa moja tu hupati kitu: kuzuia udongo kutiririka wakati wa ujenzi, kupunguza maji ya ndani kwa asilimia 20, mita ya maji ya jengo zima, mtaalamu wa kukagua mifumo kabla ya kukabidhi, na mengine. Mengi tunayapenda. Tatizo liko kwenye nishati. LEED inalinganisha kwa kanuni za ASHRAE 90.1, kiwango cha Marekani cha nishati ya majengo, na kwa njia ya kuiga jengo kwenye kompyuta, jengo lisilo na mfumo wa kupoza linachorewa kiyoyozi kilekile pande zote mbili, kwetu na kwa jengo la kulinganishia. Matokeo yake, uamuzi wetu mkubwa kuliko yote, wa kutoweka viyoyozi, hauhesabiki kama akiba. Ipo njia ya kuomba hesabu maalumu, lakini inahitaji mtaalamu wa kuiga jengo na majibizano marefu na wahakiki.

EDGE imeundwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, kwa ajili ya masoko kama ya kwetu. Inataka mambo matatu tu: asilimia 20 ya akiba kwenye nishati, 20 kwenye maji, na 20 kwenye kaboni inayotoka wakati wa kutengeneza vifaa. Zote tatu kwa pamoja. 45 kwenye maji haziwezi kuziba 18 kwenye vifaa. Ngazi ya pili inataka nishati ifike 40. Ngazi ya tatu, ya kaboni sifuri, huombwa baada ya jengo kutumika angalau mwaka mmoja likiwa limejaa kwa asilimia 75. Programu yake ni ya bure mtandaoni, na mtu anayejua kusoma ramani anaweza kuijaza.

Kwa jengo lisilo na kiyoyozi, EDGE hufanya jambo ambalo ni lazima mwenye jengo aelezwe mapema. Inakadiria umeme ambao ungetumika kupoza vyumba ili wakaaji wasipate joto, na inauingiza kwenye hesabu kama nishati ya kufikirika. Ukiweka kivuli, paa jeupe na upepo wa kupita, nishati hiyo hupungua na asilimia hupanda. Ni hesabu ya haki, maana vyumba vyenye joto kali leo ndivyo vitakavyofungwa viyoyozi kesho. Lakini akiba hiyo haionekani kwenye LUKU, kwa kuwa umeme huo haukuwa ukitumika. Tumekubaliana kwamba kila ripoti itakuwa na namba mbili, ya cheti na ya mita, na zisiandikwe kamwe kwenye mstari mmoja.

Uamuzi: EDGE, ngazi ya kwanza. Kwa kuwa EDGE haiulizi chochote juu ya udongo unaotiririka, taka za ujenzi, hewa ya ndani wala chumvi ya bahari, tumeandaa orodha yetu ya eneo la kazi, sehemu kubwa ikitoka kwenye masharti ya lazima ya LEED. Haitupi pointi. Inafuatwa hivyohivyo.

Suala la fedha lina uzito hapa Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani (deni linalouzwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, na tangu hapo neno hilo limeingia kwenye mazungumzo ya mikopo mjini. Hatifungani na cheti cha jengo ni vitu tofauti: hatifungani inafuatilia fedha imekwenda wapi na kutoa ripoti, cheti kinapima jengo lenyewe. Mkopeshaji anayeuliza "mradi ni wa kijani?" aulizwe anataka ushahidi wa aina ipi kati ya hizo mbili.

Februari: madirisha

Ramani ya kwanza ilikuwa na madirisha ya alumini ya kusukuma, kama ilivyo karibu kila jengo jipya mjini. Tumeyakataa, kwa hesabu ifuatayo.

Kwa chumba cha kulala, EDGE inataka eneo linalofunguka kweli lifikie asilimia 20 ya sakafu. Sakafu ni mita za mraba 16.2, hivyo tunahitaji 3.24. Kila chumba kina madirisha mawili yanayotazamana, moja kaskazini na moja kwenye varanda, kila moja mita 1.8 kwa 1.2, yaani mita za mraba 2.16. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Yote mawili yanatoa 2.16, ambayo ni asilimia 13. Kwa luva za vioo (vipande vya kioo vinavyogeuka kwa pamoja), tukihesabu kwamba asilimia 85 ya dirisha inapitisha hewa, yanatoa 3.67, asilimia 22.7. Tundu la ukutani halijabadilika hata sentimita moja. Kilichobadilika ni namna dirisha linavyofunguka.

Kina cha chumba nacho kinaangaliwa. Mita 4.5 gawanya kwa dari ya 3.0 ni 1.5. Chumba chenye dirisha moja upande mmoja kinatakiwa kiwe chini ya 1.5, kwa hiyo tungeanguka. Upepo ukipita kutoka ukuta hadi ukuta, kikomo ni 5. Ndiyo maana dirisha la varanda si la kubembelezana: fundi akiliziba ili kuweka kabati, chumba kinapoteza sifa yote.

Wavu wa mbu hauhesabiki kwenye fomula, lakini kwenye chumba unahesabika sana. Wavu wa matundu madogo unaweza kukata theluthi ya upepo na zaidi, na ukijaa vumbi hali huwa mbaya zaidi. Tumeagiza uwekwe kwenye fremu za kuchomoa, ili uoshwe bila kuita fundi. Grili ni nondo za mlalo za milimita 10. Zile za maua ya chuma bapa zinapendeza lakini zinakula nafasi ya hewa.

Mwelekeo wa jengo umeamuliwa kwa jua na upepo kwa pamoja. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Desemba saa sita mchana jua liko nyuzi 18 kusini mwa utosi. Juni liko nyuzi 28 kaskazini. Miezi ya joto ndiyo ya kaskazi, jua likiwa upande wa kusini hadi mapema Machi linapopita utosini. Kwa hiyo varanda iko kusini, inakinga jua la wakati wa joto, na madirisha ya kaskazini yanapokea kaskazi bila kupigwa na jua. Kusi likiingia na mvua za masika, mvua ya kusukumwa inaishia kwenye varanda.

Kivuli cha madirisha ya kaskazini ni cha jua la Juni. Kila mita moja kutoka ukingo wa kivuli hadi kizingiti cha chini inataka mita 0.54 ya kivuli. Ghorofani, kizingiti kiko mita 1.5 chini ya ukingo wa paa: 0.81, tumechora 0.9. Chini hakuna paa la karibu, kwa hiyo kofia ya zege iko juu ya dirisha la mita 1.2: 0.65, tumechora 0.7. Hesabu hii ni ya saa sita tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingiki kwa kofia, jua likiwa chini; huko hakuna dirisha la chumba cha kulala.

Machi: kuta, na saruji iliyojificha

Hapa ndipo tulipokaa zaidi, na tunashauri mwingine yeyote akae hapa pia.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umehimiza kwa miaka mingi matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, milimita 300 kwa 150 kwa 100, yanayogandamizwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Husemwa kwamba yana saruji kidogo. Tumepima kwa mita moja ya mraba ya ukuta badala ya kwa tofali moja moja, na picha ikabadilika.

Tofali la kufungamana lina uzito wa takriban kilo 8. Kwa saruji ya asilimia 7 lina gramu 560 hivi. Mita ya mraba inataka matofali 33, kwa hiyo kilo 18.5 za saruji. Tofali la mchanga la inchi 6, mfuko wa kilo 50 ukitoa 30, lina kilo 1.67, mita ya mraba inataka kama 9.25, kwa hiyo kilo 15.4. Kwa matofali pekee, la udongo limeshindwa.

Faida yake inatoka kwenye yale ambayo haliyahitaji. Ukuta wa inchi 6 unataka udongo wa kujengea (mchanganyiko wa mchanga na saruji), karibu kilo 3 za saruji kwa mita ya mraba, halafu plasta pande mbili, milimita 15 kila upande, karibu kilo 9. Jumla ni kilo 27. Ukuta wa kufungamana hupangwa mkavu, na ukiachwa bila plasta unabaki kwenye 19, ukiongeza kidogo kwa uji wa saruji wa kwenye matundu ya nondo. Mwenye jengo akiupiga plasta pande zote ili ufanane na wa jirani, anarudi 27 na ushei, na akiba yote imekwisha. Tumeliweka hili kwenye mkataba: kuta za vyumba haziguswi na plasta, isipokuwa bafu na vyoo. Waandaaji wa BOQ, orodha ya kazi na vifaa vya kulipiwa, walikuwa wameshaiandika plasta kwa mazoea, imefutwa.

Ukuta wa udongo usio na plasta pwani una adui mmoja, mvua ya kurushwa na upepo, na matone yanayoruka kutoka chini. Ndiyo maana milimita 450 za kwanza kutoka jamvi ni tofali za mchanga, na paa limetokeza mita 0.9. Nguzo na mihimili ni zege. Matofali yanajaza tu, hayabebi ghorofa.

Udongo wa eneo lenyewe haufai, una mchanga mwingi wa bahari na chumvi. Unatoka kwenye shimo la bara, na kila shehena inajaribiwa kwa chupa: udongo theluthi moja ya chupa, maji, tikisa, acha utulie siku nzima, kisha pima tabaka. Mchanga ukizidi sana tofali humeguka pembe. Mfinyanzi ukizidi hupasuka likikauka. Matofali yanafunikwa kwa nailoni na kumwagiwa maji siku 7 za mwanzo, halafu yanakaa hadi siku 28. Kinachoharibu zaidi ni haraka: mchanganyiko uliolowa ukikaa zaidi ya nusu saa kwenye jua kabla ya kugandamizwa, saruji imeshaanza kushika, na tofali litakalotoka litaonekana zima huku likiwa dhaifu.

Tuliulizwa kwa nini tusitumie mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kama nyumba kongwe za Pangani na Bagamoyo. Nyumba zile zimedumu, na upana mdogo wa vyumba vyake, mita mbili na nusu hadi tatu, ulitokana na urefu wa boriti yenyewe. Kwenye programu mawe ya asili hutoa namba nzuri, kwa sababu hayachomwi. Lakini misitu ya mikoko ni hifadhi kisheria, chokaa ya matumbawe inachomwa kwa kuni, na matumbawe hayarudi kwa umri wa mtu. Hiki ndicho kipande ambacho EDGE haikioni kabisa: inapima kaboni ya kifaa, haipimi mwamba uliovunjwa. Tumekataa, na sababu imeandikwa kwenye orodha yetu.

Kwa mbao za kenchi, nyaraka za TFS, wakala wa huduma za misitu, zinathibitisha kwamba mti ulivunwa na kusafirishwa kihalali. Anayefuata LEED ajue kwamba hizo peke yake hazimpi pointi ya mbao. LEED ya toleo la 4 inataka mbao yenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, au kinachokubaliwa badala yake, na mnyororo wa umiliki usiokatika hadi dukani.

Mei: cheti cha awali

Faili limepelekwa kwa mkaguzi. EDGE ina hatua mbili, cheti cha awali kwa michoro na cha mwisho kwa jengo lililokamilika. Mtu aliyesaidia kubuni haruhusiwi kuwa mkaguzi wa mradi huohuo. Wapo wanaojaribu kuunganisha kazi hizo ili kupunguza gharama, na faili hurudishwa.

Swali la mkaguzi lilikuwa moja tu la maana: takwimu za hali ya hewa. Mji wako usipokuwepo kwenye orodha ya programu unachukua ulio karibu kwa hali ya hewa, na ukibadilisha namba yoyote unaambatanisha chanzo. Tumeacha namba za msingi za nchi kama zilivyo, tukabadilisha tu zile tulizo na ushahidi nazo.

Masika yamesimamisha zege. Mitaro ya muda na magunia ya mchanga upande wa chini wa kiwanja yamezuia udongo usiingie kwenye mfereji wa barabara. Kazi ya siku moja, na kwenye LEED ndilo sharti la kwanza kabisa.

Julai: zege na chumvi

Nguzo za chini zimesimama. Mchanga wa ufukweni umepigwa marufuku kiwanjani, hata kwa kazi ya kusawazisha. Kloridi ikifika kwenye nondo, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Kila lori la mchanga linachukuliwa sampuli: maji yaliyooshea mchanga, matone ya nitrati ya fedha, yakigeuka meupe kama maziwa, lori linarudi. Yamerudi kadhaa. Kifuniko cha zege juu ya nondo kwa nguzo za nje ni milimita 50, na vijiwe vya kushikilia nafasi hiyo vimetengenezwa kwa saruji, si vipande vya mbao.

Hakuna cheti kati ya vile vinne kinachotoa pointi kwa hili kwa namna ya kuridhisha. Lakini jengo linalobomolewa baada ya miaka 15 kwa sababu ya kutu limetumia kaboni mara mbili, na asilimia 20 ya akiba kwenye karatasi haitalifidia.

Septemba: paa

Bati ni geji 28, lililopakwa rangi nyeupe kiwandani. Kipimo kinachotumika ni kielezo cha kurudisha jua, SRI. Kwa paa lenye mteremko mkali, LEED ya toleo la 4 inataka 39 likiwa jipya au 32 baada ya miaka mitatu. Kwa paa la bapa, 82 na 64. EDGE inachukua namba yenyewe na kuiingiza kwenye fomula, hivyo kila pointi ya SRI ina thamani. Bati lisilo na rangi hung'aa na hurudisha mwanga mwingi, lakini hutoa joto lake polepole, ndiyo sababu SRI yake iko chini ya jeupe. Pwani paa jeupe hushika ukungu mweusi. Ratiba ya kuliosha kabla ya kaskazi imeingizwa kwenye kitabu cha matunzo.

Karatasi inayong'aa kama fedha chini ya bati ndiyo sehemu iliyofanyiwa kazi upya. Fundi aliitandika ikigusana na bati, kama inavyofanywa sehemu nyingi. Karatasi hiyo huzuia mnururisho (joto linalosafiri kama miali), na mnururisho unahitaji nafasi ya hewa. Ikigusana na bati, joto linapita moja kwa moja. Imeshushwa, ikapigiliwa chini ya papi, uso unaong'aa ukitazama chini, nafasi ya milimita 50. Uso ukitazama juu hufunikwa na vumbi na kupoteza kazi yake. Picha za hatua hii zimepigwa zikiwa na tarehe kabla silingi haijafungwa, maana mkaguzi hawezi kubomoa dari.

Pangaboi ni za mota isiyo na brashi, wati 32, badala ya zile za wati 70. Kwa vyumba 16 na saa 10 kwa siku, ni kWh 5.1 dhidi ya 11.2. Hii ndiyo akiba ambayo LUKU itaionyesha. Udhaifu wake ni kibao cha umeme kilicho ndani, hakipendi umeme unaoruka. Kifaa cha kuzuia mruko kimefungwa kwenye ubao mkuu, na pangaboi mbili za akiba ziko stoo.

Novemba: maji

Shawa zilizoandikwa kwenye faili ni za lita 8 kwa dakika. Namba hiyo hupimwa kwa shinikizo la bari 3. Tangi letu liko juu ya mnara, chini yake mita 9 kutoka ardhini, na mita 10 za kimo ni kama bari 1. Shawa ya juu iko mita 5.3, kwa hiyo inapata bari 0.36, ya chini, kwenye mita 2.1, inapata 0.68. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo shawa isiyo na kidhibiti inayotoa lita 8 kwa bari 3 itatoa lita 2.8 juu na 3.8 chini. Kwenye karatasi ni akiba kubwa. Kwa mwanafunzi mwenye sabuni kichwani ni maji yanayodondoka, na atachomoa kichujio, au atamwita fundi akichomoe, na kuanzia hapo hakuna anayejua lita ngapi zinatoka.

Tumebadilisha na vichwa vilivyotengenezwa kwa shinikizo dogo, na kila kimoja kimepimwa kwa ndoo ya lita 10 na saa. Kwa lita 6 kwa dakika ndoo hujaa kwa sekunde 100. Karatasi ya vipimo hivyo imewekwa sahihi na kuingizwa kwenye faili, kwa sababu ndoo hiyohiyo ndiyo mkaguzi atakayoitumia.

Vyoo ni vya flashi mbili, lita 6 na 3. Watu 48, kila mmoja mara moja kubwa na tatu ndogo kwa siku: lita 720. Tangi la kizamani la lita 9 lingetumia 1,728. Kinachoharibika ni raba ya valvu. Chumvi kwenye maji huifanya ivuje kimya, na choo kinachovuja usiku kucha hula akiba hiyo. Tone la rangi kwenye tangi la flashi, subiri robo saa, angalia bakuli: ukaguzi huo uko kwenye kazi za mlezi wa bweni kila mwezi.

Maji ya mvua yanalisha vyoo tu. Paa lina mita za mraba 316. Kila milimita moja ya mvua, tukiondoa asilimia 15 ya upotevu, ni lita 269. Mvua ya milimita 20 inajaza simtanki la lita 5,000 na kumwagika. Lita 200 za mwanzo zinaelekezwa kando kwa bomba la kusimama lenye koki ndogo chini, maana zimebeba kinyesi cha ndege na chumvi ya paa. Koki hiyo ikisahaulika kufunguliwa baada ya mvua, bomba linabaki limejaa na uchafu wa mvua ijayo unaingia tangini. Gata ni za plastiki. Za bati hazimalizi miaka mingi upande huu wa mji.

Januari: nyaraka za cheti cha mwisho

Kazi ya ujenzi inakaribia kwisha, kazi ya karatasi ndiyo nzito. Risiti ya EFD, mashine ya kodi, iliyoandikwa "vifaa vya bomba" haimsaidii mkaguzi. Anataka jina la kifaa, modeli, idadi, na karatasi ya mtengenezaji yenye kipimo. Maduka mengine hadi sasa hayaandiki hivyo bila kuombwa, kwa hiyo ankara inaombwa kwanza, inasomwa, ndipo malipo yanafanyika. Karatasi ya kiwanda iliyo kwa Kichina tu imeletewa tafsiri iliyogongwa muhuri wa muuzaji.

Msambazaji mmoja alileta taa za wati 12 mahali pa 9, zenye boksi linalofanana. Zimegundulika kwa kusoma taa yenyewe, boksi likiwa limewekwa pembeni. Ukaguzi wa kila chumba sasa unafuata jedwali moja: luva, wavu, pangaboi, taa, kivuli, picha mbili. Vyumba 11 vimekamilika.

Yaliyobaki: vyumba 5 vya ghorofani, michoro ya jengo kama lilivyojengwa ikionyesha luva badala ya madirisha ya kusukuma, mita ndogo ya umeme ya pampu, na barua ya mwenye jengo kuthibitisha kwamba kuta hazitapigwa plasta. Programu ikijazwa kwa vifaa vilivyofungwa kweli inasoma nishati 34, maji 38, vifaa 23. Hiyo ya vifaa ndiyo iliyo karibu na mstari. Plasta ya vyumba vichache tu ingeishusha chini ya 20, na barua hiyo inatakiwa ifike kabla ya mkaguzi kupanga tarehe.